Jiwe Lililosimamishwa Kisaju

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji na kusahau njiani, nyumbani kwetu Noonkopir, hapa Kitengela, kulikuwa na sheria moja ambayo hata Mama, mtu wa kanisa na kazi ya mshahara, hakuthubutu kuivunja: jiwe lililolala halisimamishwi. Jiwe la kukalia, la kusagia, la kuzuia mlango, hata kipande alichotupa Baba baada ya kukiharibu, ukikikuta kimelala unakiacha kilale. Watoto wa majirani walicheza kwa kupanga mawe wima kama wanajeshi. Mimi nikijaribu hivyo nilipigwa kofi kwanza, na maelezo hayakuja upesi.

Sheria ilitoka kwa Magokoro. Hivyo ndivyo Wakisii tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake Baba. Kwao Kisii kuna vilima ambavyo ni jiwe laini tupu. Wanaume wanalichonga likiwa bado na maji ya ardhini, wanawake wanaliosha na kulisugua mpaka ling'ae. Magokoro alisugua tangu usichana wake mpaka alama za vidole zikafutika. Alipoenda kuchukua kitambulisho, karani alimkandamiza vidole kwenye wino, akapata madoa matupu. Akamuuliza, "Mama, kwani wewe ni nani?" Magokoro akamjibu, "Si ndio nimekuja uniandikie?"

Baba aliacha vilima vile akaja kutafuta maisha huku. Kitengela haina jiwe laini, kwa hivyo alijifunza jiwe gumu peke yake, kwa kuharibu mengi. Jiwe laini unalikata kwa panga na kisu. Jiwe gumu linataka tindo, nyundo na uvumilivu, na Baba uvumilivu wake wote aliumalizia huko kwenye mawe. Sisi nyumbani tulipata makombo. Lakini mkono wake ulikuwa mzuri. Alichonga vizingiti vya milango, mawe ya makaburi, birika za kunyweshea ng'ombe. Mtu akiwa na kazi ya mawe kutoka Kitengela mpaka Kajiado mjini, aliambiwa amtafute Fundi.

Hivyo ndivyo Mzee Gathogo alivyomfikia. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na mbolea, mtu wa Nyeri, mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya shamba. Alikuwa amenunua ardhi Kisaju na kujenga nyumba kubwa, na sasa alitaka kitu cha kuwekwa langoni.

"Fundi, mimi sitaki vipande vipande vya kubandikwa na simiti," alisema. Nilikuwa nimekaa kwenye debe langoni pake nikimsikiliza. "Nataka jiwe moja, zima, refu kuliko mtu. Lisimame hapa. Mtu akipita kwenda Namanga ageuze shingo mpaka imuume."

Baba alikuna kidevu. "Mzee, jiwe refu hivyo, likisimama peke yake..."

"Likisimama linafanya nini? Linatoroka?"

Vibarua wakacheka. Mzee Gathogo akacheka zaidi yao. Baba naye akacheka, na mimi nilishangaa, kwa sababu nilijua makofi yale ya nyumbani yalitoka wapi.

Jiwe lilitoka kwenye timbo moja la kuchimbia mawe upande wa Mashuuru, na siku hiyo nilikuwapo. Huko jiwe limelala ardhini kwa tabaka, moja juu ya lingine, kama chapati zilizofunikwa kwenye sufuria. Baba alichagua tabaka nene la kijivu lenye mishipa myeupe. Akatoboa mashimo kwa mstari mmoja, akilizungusha tindo kidogo kila anapopiga ili lisinase. Kisha akaweka kabari ya chuma katika kila shimo, akaanza kuzigonga, moja baada ya nyingine, bila nguvu, kama mtu anayebisha hodi. Kila akirudi mwanzo wa mstari, mlio ulikuwa umepanda kidogo. Ulipofika juu kabisa, aliweka nyundo chini na kutuonyesha kwa kidole tunyamaze.

"Sasa tunafanya nini?" nikanong'ona.

"Tunangoja. Litajikata lenyewe."

Tukangoja kwenye jua lile, hakuna ndege, hakuna upepo. Halafu kutoka chini ya miguu yetu ikaja sauti kama mtu anachana shuka, polepole, tena kwa makusudi. Vibarua walirudi nyuma. Baba peke yake ndiye aliyebaki pale, kichwa amekiinamisha.

Lilipakiwa kwenye lori likaletwa Kisaju, likalazwa juu ya matairi mabovu ndani ya kibanda cha mabati kando ya lango. Wakati wote wa kiangazi Baba alilichonga huko. Alichora kwa uzi uliopakwa masizi, akapunguza nje kwa tindo la ncha, akalainisha kwa tindo bapa. Upande wa mbele alichonga mabua ya mahindi yanayopanda mpaka juu, na kichwa cha ng'ombe kati yao. Sijaona kazi nzuri kama ile, na nasema hivyo nikiwa nimeona nyingi.

Aprili shule zikafungwa. Mama alikuwa kwenye kiwanda cha nguo Athi River tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hivyo Magokoro aliletwa aje aniangalie. Baba alituchukua sote wawili mpaka Kisaju, kwa sababu jiwe lilikuwa limefika mahali pa kusuguliwa, na kwa kusugua hakuna aliyemfikia mama yake.

Huko ndiko nilikompata Wambui. Alikuwa mjukuu wa Mzee Gathogo, mdogo kwangu, bado hajaanza shule, mwenye meno ya mbele yaliyooza kwa peremende. Mama yake alifanya kazi Nairobi, na mtoto alilelewa na babu yake na msichana wa kazi, maana yake alijilea. Alipanda lango, alishuka lango, alikula udongo. Alinipenda mara moja akanifuata kama mkia.

Magokoro alipiga magoti kando ya jiwe, akamwaga maji na mchanga, akaanza kusugua kwa jiwe gumu la mviringo, mkono ukienda na kurudi kwa urefu. Mimi nilisugua upande wa pili. Alisugua bila kusema, kisha mkono wake ukasimama ghafla. Akaweka kiganja juu ya jiwe na kukiacha hapo.

"Lililala hivi?" alimuuliza Baba.

"Ndiyo, Mama."

"Na litasimama?"

"Mwenye boma ndivyo anavyotaka."

Magokoro alijifuta mikono kwenye leso. Hakuligusa tena siku hiyo. Jioni tukielekea barabarani, Baba ametutangulia, nilimuuliza ana nini. Ndipo nilipopewa maelezo ya yale makofi yote.

"Jiwe limelala tangu Mungu aumbe," alisema. "Ukiliamsha kwa nguvu likasimama, litatafuta namna ya kulala tena. Na halilali peke yake."

"Linalala na nani?"

"Na aliye karibu."

Alilisema kama mtu anayekwambia maziwa yatamwagika ukiacha moto. Ingekuwa heri angenitisha kwa macho na mikono, kama watu wanavyotisha watoto. Ningelala vizuri zaidi.

Lilisimamishwa kabla mvua haijaanza. Walichimba shimo kwenye ule udongo mweusi, wakalivuta kwa kamba na magogo, Baba akipiga kelele "Twende! Shikilia! Twende!" na jiwe likainuka kidogo kidogo kama mgonjwa anayekalishwa kitandani. Liliposimama wima, kila mtu alinyamaza. Si kwa heshima. Tulinyamaza kwa sababu kila kitu kilikuwa kimenyamaza. Upepo wa Kisaju, ambao hautulii tangu Januari mpaka Desemba, ulikuwa umetulia. Kwenye uwanda hakukuwa na kengele hata moja ya mbuzi. Mzee Gathogo alisema, "Haya, mbona kama matanga?" na watu wakashukuru kupata cha kuchekea.

Magokoro alikuwa amesimama kando ya barabara, ametupa mgongo.

Kisha mvua ikaja. Anayeishi Kitengela anaujua ule udongo. Kiangazi unapasuka mpaka ng'ombe anavunjika mguu ndani ya ufa. Ukinyeshewa unavimba kama unga wa mandazi, unainua kuta, unapindua vyoo. Jiwe lilisimama katikati ya udongo huo, na asubuhi za ukungu ulipotoka barabarani uliliona kabla ya kuiona nyumba, na kwa mbali ulifikiri ni mtu amesimama langoni akikungoja.

Mtu wa kwanza kusema kitu alikuwa Mzee Lemayian, Mmaasai aliyekuwa na boma ng'ambo ya korongo. Alipitisha mbuzi wake mbele ya lango lile kila siku wakienda maji. Asubuhi moja nilimwona amewasimamisha mbali. Nilimwendea na kumwinamishia kichwa, akanigusa utosini.

"Supa, entito," alinisalimu, yaani msichana kwa Kimaasai.

"Ipa. Mzee, mbona mbuzi zimesimama?"

"Hizi zimekataa hiyo jiwe. Nimezichapa, nimeziimbia, zimekataa."

"Kwa nini?"

"Nimeuliza, hazijaniambia." Hakucheka. Aliliangalia jiwe, akaegemea fimbo yake. "Mimi pia leo nitazunguka. Mbuzi iko na akili yake."

Magokoro alikuwa amesikia. Alinishika mkono tukaenda mpaka kwenye jiwe. Upande wa jua lilikuwa na joto la mwili. Upande wa kivuli lilikuwa baridi kama ukuta wa kisima. Na kwenye kivuli hicho, chini kabisa, Wambui alikuwa amejenga nyumba yake: vizibo vya soda ndivyo vikombe, kopo la rangi ndilo sufuria. Hakukuwa na kivuli kingine cha baridi pale langoni, na mtoto alikuwa amekichagua kuwa chake.

"Weka sikio," Magokoro aliniambia.

Nikaweka. Kwanza sikusikia kitu. Halafu nikasikia tik, kidogo, kama ukucha. Kimya. Tik, tik. Kimya kirefu. Na baada yake ikaja sauti niliyoijua, na ndiyo iliyonifanya nitoe jasho kwenye baridi ile. Ilikuwa mchanga na maji, ukienda na kurudi, ukienda na kurudi. Ilikuwa kazi yetu sisi wenyewe. Kuna mtu alikuwa akisugua kutoka ndani.

Nilitoa sikio. Wambui alikuwa akinitazama kutoka chini, kizibo mkononi.

"Ni nyanya wa ndani," alisema. "Anaosha kila siku."

"Nani amekuambia?"

"Namsikia. Ukilala chini ndio unasikia vizuri."

Akajilaza pale pale kwenye udongo, shavu kwenye jiwe, akafumba macho kunionyesha.

Magokoro alimwinua kwa mkono mmoja, bila upole, akampeleka kwa msichana wa kazi. Kesho yake mtoto alikuwa pale tena. Na siku iliyofuata. Ukimfukuza alizunguka nyuma ya nyumba akarudi.

Magokoro alimwambia Baba mbele yangu. Baba alileta timazi, ule uzi wenye chuma kizito mwishoni, akauning'iniza kutoka juu ya jiwe. Uzi ukaanguka wima, na jiwe halikwenda na uzi. Juu kulikuwa kumegusana, chini ungepitisha ngumi. Lilikuwa limeinamia upande wa kivuli.

"Ni mvua," Baba alisema. "Udongo ukikauka litarudi."

"Lishushe, mwanangu."

"Mama, hapa si Kisii."

"Lishushe. Kuna mtoto analala hapo."

"Mtoto afukuzwe! Mwenyewe anafanya sherehe ya kuingia nyumba, watu wanatoka mpaka Nyeri kuliona jiwe hili. Nikilishusha, ni nani ataniita tena? Wataniambia fundi aliyesimamisha akashusha." Alikuwa akikunja uzi wa timazi kwa hasira, ukazidi kujifunga. "Jiwe ni jiwe, Mama."

Mimi nimerithi hasira hizo, kwa hivyo sikumwogopa. Nilimwamini. Aliposema ni mvua, nilienda nyumbani nikiwa nimeamua kwamba ni mvua.

Kisha siku moja mchana, wakati kila mtu alikuwa amejificha jua na vibarua wako kwa chai, nilirudi langoni kutafuta kiatu changu. Baba alikuwa nyuma ya jiwe. Alikuwa amevua kofia. Sikio lake lilikuwa juu ya jiwe, macho yamefumbwa, na kwa mkono mwingine alikuwa akiligonga taratibu kwa mpini wa nyundo, akipanda na kushuka. Jiwe zima linalia kama kengele, hata mtoto wa fundi anajua. Hili lilijibu kama gunia la unga. Alibisha tena. Midomo yake ilikuwa ikitembea, sijui alikuwa akihesabu au akiomba.

Alipofumbua macho hakuniona mimi. Alimwona Wambui, aliyekuwa amelala fofofo miguuni pake na shavu kwenye jiwe. Baba alimbeba, akampeleka jikoni. Akarudi, akavaa kofia, akaanza kufagia vipande vya mawe huku akipiga mluzi.

Nilikaa nyuma ya kibanda mpaka miguu ikafa ganzi. Jambo la jiwe nilikuwa nimeanza kulizoea. Hili la Baba ndilo sikulielewa. Alikuwa amesikia, na alikuwa akipiga mluzi.

Sherehe ikafika. Lango lilifungwa maua ya karatasi, hema lilisimamishwa uani, sufuria za mukimo na nyama zilikuwa zinachemka tangu alfajiri. Wageni walijipanga barabarani kwa nguo zao nzuri, kina mama mbele na vikapu mgongoni, kwaya nyuma yao, pasta katikati na Biblia. Mpango ulikuwa waingie wakiimba, wapite kando ya jiwe, Mzee Gathogo alifunue, maana alikuwa amelifunika kwa shuka nyeupe kama bibi harusi.

Waliposogea, walimkuta Magokoro. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya. Alikuwa amesimama upande ule lilikoinamia, mgongo wake kwenye jiwe, visigino kati ya vizibo vya soda.

"Hakuna mtoto wa mtu atapita hapa," alisema.

Watu walicheka. Mtu akasema, "Huyu cucu, nyanya wa watu, anataka soda kwanza, mpeni." Magokoro hakucheka, na kicheko kikaisha.

"Fundi!" Mzee Gathogo aliita. "Ondoa mama yako hapo."

Pasta alikuja mbele, mtu mpole kabisa. "Mama, kama kuna tatizo na jiwe, tutaliombea."

"Ombeni," Magokoro alimwambia. "Lakini mkiwa kule mbali."

Baba alifika akiwa na shati jeupe na uso mweusi. Aliinama akamwambia chini chini, lakini nilikuwa karibu, nilisikia. "Mama, unaniaibisha."

"Aibu utapona."

"Toka, tafadhali."

"Umelishika. Unajua lilivyo."

"Sijui kitu! Toka!" Na akamshika mkono, mama yake mzazi, akamvuta mbele ya watu wale wote.

Sikupanga kusema. Maneno yalitoka na sauti kubwa kuliko mimi. "Baba, wewe umelisikia! Nilikuona! Uliweka sikio na ukabisha na likakujibu vibaya, na ukamtoa Wambui hapo ukampeleka jikoni! Kama ni zima, mbona ulimtoa?"

Kwaya, iliyokuwa bado inaguna wimbo wake nyuma, ilikatika. Baba alinigeukia. Nilifunga macho nikingoja kofi, nikiwa na hakika kwamba litakuwa kubwa kuliko yote. Halikuja. Nilipofungua macho alikuwa ameuachia mkono wa Magokoro na alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amenionea wapi.

Kisha akamwambia Mzee Gathogo, "Watu wapite nyuma, kwa ua. Nipewe kamba na wanaume."

"Leo?" Sauti ya mzee ilivunjika. "Fundi, leo hii?"

"Leo, Mzee. Ama kesho nikuchimbulie mjukuu chini yake."

Hapo ndipo msichana wa kazi alipopiga kelele na kumkumbatia Wambui, na wageni wakaanza kurudi nyuma bila kuambiwa.

Shuka ilivutwa chini, kamba zikafungwa. Wanaume wenye suti walivua makoti. Magokoro bado hakutoka. Alikuwa amegeuka, uso kwa jiwe, viganja vyake visivyo na alama vimelala juu yake, na alikuwa akizungumza nalo kwa Kikisii. Mimi nilikuwa nimeshika gauni lake, nikijaribu kumvuta. Nilisikia alichosema. Alisema, "Hawa ni wadogo, waache. Mimi nimechoka vya kutosha. Ukitaka wa kulala naye, mimi nitakuwa kwetu, utanikuta." Alilisema kwa sauti ya mtu anayepatana na jirani juu ya mpaka. Kisha akakubali kuvutwa.

Waliliteremsha polepole, Baba akiwa mbele ya wote, mshipa wa shingo umemtoka. Lilipogusa ardhi lilitulia. Wanaume wakaachia kamba, mmoja akaanza kusema tumshukuru Mungu. Ndipo ikaja ile sauti ya timboni, ya shuka inayochanwa. Uso mzima wa jiwe, mahindi na kichwa cha ng'ombe na yote, ukatoka kama ganda, kipande cha ukubwa wa mlango, ukateleza ukaangukia ile nyumba ya vizibo na kuibonyeza kwenye udongo. Hakuna aliyeumia. Walikula kimya kimya uani, na mapema wakaenda zao.

Kesho yake mbuzi wa Mzee Lemayian walipita langoni wakila maua ya karatasi.

Mzee Gathogo hakumwita Baba tena, na hakuacha kusimulia kwamba familia ya fundi yule ina mambo yake. Kazi zilipungua kweli, kama Baba alivyoogopa. Tuliishi. Hakuniambia asante na hakunilaumu. Kwa muda mrefu alizungumza nami kwa adabu, kama anavyozungumza na mteja, na adabu hiyo iliniuma kuliko kofi lolote.

Magokoro alirudi Kisii shule zilipofunguliwa. Mvua za vuli hazikumkuta. Alikuwa ametandika mkeka uani mchana, akajinyoosha kupumzika kidogo, na walipoenda kumwamsha kwa chai hawakuweza. Alikuwa amelala chali, mikono kando, amenyooka vizuri kabisa. Shangazi alisema hajawahi kuona mtu aliyelala vizuri hivyo.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Baba moja kwa moja, kwa sababu mimi sijui kuuliza kwa kuzunguka. "Unaamini ni lile jiwe?"

Alikuwa akinoa tindo. Hakuinua kichwa. "Nilisikia, Kemunto. Usiniulize nilisikia nini."

Sasa mimi mwenyewe nachonga mawe, hapa hapa Kitengela. Hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyefikiria kumpa msichana tindo, kwa hivyo niliokota la Baba alipolichoka nikaharibu mawe yangu kama alivyoharibu yake. Na kwa kuharibu nimeelewa mambo. Jiwe la tabaka ukilisimamisha, tabaka zinasimama kama kurasa za kitabu, na maji ya mvua yanaingia kati yake kutoka juu. Jua linapasha upande mmoja, mwingine unabaki baridi, na jiwe linapiga tik. Chembe zinalegea ndani na kuteleza chini na maji, na ukiweka sikio utadhani mtu anasugua. Udongo wetu unainua chochote. Na wanawake wa vilima vile wamevuta vumbi la kusugua miaka yote. Magokoro alikuwa akikohoa tangu nimjue. Hakuna hata kimoja kilichobaki bila maelezo.

Siku hizi watu wa majumba mapya wanakuja wakitaka jiwe refu la kusimama langoni, lenye jina la boma lililochongwa. Nakataa. Nawachorea tabaka kwa kijiti mavumbini, nawaeleza maji, nawaeleza udongo. Wengine wanaelewa, tunajenga kwa matofali ya mawe yaliyolazwa. Wengine wananiona mwanamke mkaidi, wanaenda kwa fundi mwingine, na mimi siwafuati. Najivunia kwamba sijawahi kumdanganya mteja, na yote ninayowaambia ni kweli.

Lakini kuna moja ambalo sijamwambia yeyote kati yao. Wakati ule Magokoro alipozungumza, nilikuwa nimeshika gauni lake kwa mkono mmoja, na mwingine, pamoja na shavu langu, ulikuwa kwenye jiwe. Ndani kulikuwa kunasuguliwa kwa nguvu, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kazi kabla ya giza. Alipofika mahali pa kusema "utanikuta," kusugua kulikoma. Kulikuwa na kimya kidogo, kile anachokaa nacho mtu akifikiria alichoahidiwa. Halafu ikapigwa tik moja tu, na hapakuwa na sauti tena.